Je, Wajua? Rangi ya Jino Imejificha Wapi

Mtoto wa miaka saba akiota meno mapya ya mbele, wazazi wengi hushtuka. Kando ya meno ya utotoni yaliyobaki, yale mapya yanaonekana ya manjano. Mtoto anafokewa, anarudishwa bafuni kupiga mswaki upya. Hana kosa lolote. Meno ya ukubwani huchomoza yakiwa na umanjano kuliko ya utotoni, na yataendelea kuwa hivyo hata akisugua mpaka mkono uchoke.

Sababu ni muundo wa jino lenyewe. Ganda la nje, yaani enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa ukiwemo. Karibu asilimia 96 yake ni madini. Ila ganda hilo hupitisha mwanga. Mwanga hupenya hadi kwenye dentini iliyo chini, nayo dentini ni ya manjano tangu asili. Kwa hiyo unapotazama jino la mtu, sehemu kubwa ya rangi unayoiona inatoka ndani. Mtu akizeeka ganda hulika na dentini huongezeka unene, ndipo meno ya babu yanapokuwa na rangi ya asali hata kama hajawahi kuvuta sigara.

Je, wajua kwamba enameli haioti tena? Chembe hai zinazoijenga hufanya kazi jino likiwa bado ndani ya taya, kisha hutoweka jino linapochomoza. Mate yanaweza kurudisha madini kidogo pale palipolainika, lakini ganda lililokwisha kuchunwa limekwenda moja kwa moja. Hapo ndipo ushauri mwingi wa kung'arisha meno nyumbani unapogeuka hasara: anayechuna ganda ili apate weupe anaisogeza karibu zaidi ile dentini ya manjano.

Tuanze na ndimu, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa mno. Enameli huanza kuyeyuka pale pH, yaani kipimo cha uchachu, inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Kila hatua moja katika kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo tofauti ya hatua tatu na nusu ni uchachu wa zaidi ya mara elfu tatu. Na kweli, ukipaka ndimu, jino linaweza kuonekana jeupe siku hiyo hiyo. Weupe huo ni wa chokaa: uso wa jino umelika, umekwaruzika, hauakisi tena mwanga kama zamani. Kesho yake maji baridi yanauma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwahi kupima mchanganyiko mwingine unaopendwa huko kwao, stroberi zilizopondwa na soda ya kuokea, wakakuta unaondoa uchafu wa juu tu; rangi ya jino haikubadilika. Na kama umekula embe bichi kwa pilipili na chumvi, au ukwaju, usikimbilie mswaki. Sukutua maji, subiri nusu saa au saa nzima, ganda likazane kwanza.

Soda ya kuokea peke yake haina ubaya huo. Punje zake ni laini kuliko enameli na huyeyuka upesi kwenye maji, basi huondoa madoa ya juu bila kukwangua sana. Angalizo ni moja: soda hiyo si magadi. Magadi, yale mawe ya kulainishia maharage, ni makali zaidi kwa fizi, na yana jambo jingine ambalo tutalifikia.

Mkaa nao umerudi kwa kishindo, safari hii ukiwa kwenye kopo zuri na bei ya kushangaza. Bibi zetu waliusaga bure. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizokuwepo kuhusu mkaa, na hitimisho likawa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unang'arisha, wala kuwa ni salama. Unakwangua madoa ya chai, hilo halibishaniwi. Lakini vumbi lake jeusi hujipenyeza kwenye nyufa na kwenye kingo za meno yaliyozibwa, likaacha mstari wa kijivu usiotoka. Ni ajabu kidogo kununua weusi ili upate weupe.

Je, wajua kwamba baadhi ya dawa za meno za "kung'arisha papo hapo" hazing'arishi chochote? Zina rangi ya buluu ambayo hubaki kwenye jino kama utando mwembamba, na buluu hufunika umanjano machoni. Ni ujanja ule ule wa bluu tunayotia kwenye maji ya kusuuzia mashati meupe ya shule. Haina madhara, na kabla ya picha za harusi inafaa kabisa. Baada ya saa chache umanjano hurudi zamuni.

Chai ina habari njema kwa wapenzi wa maziwa. Kinachotia doa ni tanini, na protini ya maziwa iitwayo kaseini huikamata tanini kabla haijashika jino. Hili lilipimwa katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kwa kuloweka meno yaliyong'olewa ndani ya chai. Kwa hiyo mnywaji wa chai ya maziwa ana afadhali kuliko wa chai ya rangi, angalau upande huu. Sukari tunayoijaza ndani ni kesi nyingine.

Tanini ikikutana na chuma, mambo hubadilika: rangi inakuwa nyeusi tititi. Watoto wanaopewa dawa ya maji ya kuongeza damu huota madoa meusi kwenye meno kwa sababu ya chuma hicho, na mama akadhani meno yameoza. Ni doa la juu tu, hutoka. Wajapani waliutumia mkutano huu wa chuma na tanini kwa makusudi. Kwa karne nyingi wanawake wa heshima, hasa walioolewa, walipaka meno yao weusi kwa maji ya chuma kilicholowekwa kwenye siki na unga wenye tanini. Desturi iliitwa ohaguro, na meno meupe ndiyo yaliyokuwa aibu. Mwaka 1870 serikali iliipiga marufuku kwa watu wa tabaka la juu, na mwaka 1873 malkia wa Mfalme Meiji alijitokeza hadharani na meno meupe. Warembo wakafuata.

Warumi walitaka weupe, na walikuwa tayari kwa lolote. Mshairi Catullus, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alimdhihaki mtu mmoja aitwaye Egnatius kwa kusugua meno yake kwa mkojo, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa kwao Uhispania. Kemia yake haikuwa ya kipuuzi, maana mkojo uliokaa hutoa amonia, nayo amonia husafisha. Karne mbili baadaye mwandishi Apuleius, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Algeria, alisimama mahakamani kule Sabratha, Libya ya leo, kwa shitaka la uchawi. Miongoni mwa mambo aliyolazimika kuyaeleza ni kwamba alimpelekea rafiki yake unga wa kusafishia meno. Alijitetea kwa kuuliza, kwa maneno mengi na kejeli nyingi, tangu lini kinywa kisafi kikawa dhambi.

Kitu kinachoweza kubadilisha rangi ya ndani bila kuchuna ganda ni peroksaidi. Haidrojeni peroksaidi iligunduliwa na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818, lakini njia ya kuitumia nyumbani ilipatikana kwa bahati. Miaka ya 1960, daktari wa kunyoosha meno huko Arkansas, Bill Klusmeier, aliwapa wagonjwa wake dawa ya fizi yenye kabamaidi peroksaidi waivae usiku kwenye kifuniko cha plastiki. Fizi zilipona, meno nayo yakawa meupe. Jambo lilibaki kama siri ya madaktari wachache hadi 1989, watafiti Haywood na Heymann walipoichapisha njia hiyo: dawa ya asilimia 10, kifuniko kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno ya mtu mwenyewe, usiku kwa usiku. Dawa hiyo hutoa peroksaidi ya asilimia tatu na nusu hivi, ambayo hupenya enameli na kuvunjavunja chembe za rangi zilizo ndani.

Nguvu ya dawa ndiyo hoja. Umoja wa Ulaya hauruhusu kitu cha meno chenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksaidi kuuzwa kiholela dukani. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 ni kwa mkono wa daktari wa meno, na si kwa aliye chini ya miaka 18. Ile chupa ya kusafishia vidonda inayouzwa kwenye maduka yetu ya dawa, ikiandikwa volyumu 20, ni asilimia 6, na ya saluni ya volyumu 40 ni asilimia 12. Kuichukua hiyo na pamba ukapaka meno ni kuunguza fizi. Zitageuka nyeupe, kisha ziwake moto. Hata dawa sahihi huleta ganzi ya meno kwa siku chache. Na hakuna peroksaidi inayobadilisha rangi ya jino la bandia au sehemu iliyozibwa: ukingʼarisha yaliyobaki, lile la bandia litaonekana chafu peke yake. Jino moja likiwa jeusi baada ya kuanguka au kupigwa, mara nyingi mshipa wake umekufa, na hilo hung'arishwa kutokea ndani, kliniki.

Sasa turudi kwa yale magadi. Anayetoka Arusha, Kilimanjaro, Singida au Nakuru anazijua rangi za kahawia ambazo hazina uhusiano na mswaki, na wengi wamezoea kutambuliwa kwao kwa meno. Miamba ya volkano katika Bonde la Ufa humwaga floraidi kwenye maji ya visima na chemchemi. Kiasi kidogo huimarisha meno, kikizidi huyatia kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ililazimika kuvumilia hadi 8 vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Magadi, yakitoka kwenye maziwa na ardhi ya aina hiyo hiyo, huongeza floraidi kwenye makande na maharage bila mpishi kujua.

Kisa hiki kilichunguzwa kwanza kwa undani mbali na kwetu. Mwaka 1901 Frederick McKay alifungua kliniki ya meno Colorado Springs, akakuta wenyeji wenye meno ya kahawia ambayo, kwa mshangao wake, hayakuoza upesi. Ilichukua miaka 30 kumpata mhalifu: mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya ALCOA alipima maji na kukuta floraidi.

Madhara hayo hupatikana tu wakati jino linajengwa, yaani hadi umri wa miaka minane hivi. Mtu mzima aliyehamia Arusha hawezi kuyapata, na aliyezaliwa huko hawezi kuyasugua yakatoka, kwa sababu enameli yenyewe iliumbwa ikiwa na vinyweleo ambavyo baadaye hunyonya rangi. Mkaa na ndimu hapa ni kujitesa. Daktari anaweza kusugua uso wa jino kwa asidi na unga wa jiwe laini, akafuatisha peroksaidi, na kahawia ikafifia sana. Madoa meupe huweza kubaki.

Kuchemsha maji hakusaidii. Maji hupungua, floraidi inabaki, nguvu yake inaongezeka. Kinachosaidia ni mifupa ya ng'ombe: ikichomwa ikawa mkaa na kusagwa, madini yake, ndugu wa yale ya enameli, huinasa floraidi maji yakipita. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi hiyo kwa miaka, na Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza vichujio vya aina hiyo. Pasipo na kichujio kuna maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Hayatatosha kufulia wala kuoshea vyombo, lakini tangi dogo chini ya bati linaweza kumtosha mtoto mdogo kwa maji ya kunywa na ya uji.