Kipya Kinyemi? Uamuzi wa Kuboresha Amplifaya ya Vali

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii yawasadifu wengi wanaomiliki vyombo ghali vya muziki, kwani kila toleo jipya litokapo, la zamani huanza kuonekana pungufu. Makala haya yananuia kufafanua jinsi mwenye amplifaya ya vali ya hadhi ya juu anavyoweza kuamua iwapo aiboreshe au aiache ilivyo. Mfano wetu mkuu ni MC275 ya kampuni ya McIntosh ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1961, ikasitishwa mwaka 1973, kisha ikarejeshwa mwaka 1993. Akosaye katika uamuzi huu hapotezi fedha tu. Huenda akakipoteza chombo chenyewe, maadamu saketi ikishakatwa ni nadra kurudi kama ilivyokuwa.

Yafaa tuanze kwa istilahi. Neno 'kipaza sauti' hutumiwa kwa maikrofoni na vilevile kwa spika, hivyo haliwezi kutufaa hapa. Amplifaya ni chombo kinachopokea mawimbi hafifu ya umeme, tuseme kutoka kwa kicheza santuri, na kuyapa nguvu za kusukuma spika. Vali nayo ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto, ikatoa elektroni zinazovutwa na anodi, na wavu ulio baina yao hudhibiti mtiririko huo. Badiliko dogo katika wavu huzaa badiliko kubwa katika anodi.

Je, kasoro iko wapi?

Swali la kwanza si 'ninunue nini?' bali 'ninakosa nini?' Wengi hujibu kwamba wanakosa nguvu. MC275 hutoa wati 75 kwa kila upande. Inawezekana kununua ya pili na kuzitumia zote mbili, kila moja ikihudumia spika moja kwa wati 150. Gharama huongezeka maradufu, na vali kubwa za KT88 huwa 8 badala ya 4. Sauti je? Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 pekee, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10: wati 750!

Kwa upande mwingine, spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja humpa msikilizaji desibeli 3 zaidi ya ile inayotoa 88, bila amplifaya kuguswa. Kwa hiyo, anayelalamikia uhaba wa nguvu aichunguze spika yake kwanza.

Aidha, alinganishapo vyombo viwili, ahakikishe kwamba vinalia kwa kiwango kimoja. Chombo kinacholia juu kidogo tu huonekana bora, hata kama hakina ubora wowote wa ziada.

Kukarabati si kugeuza

Ni muhimu kutofautisha vitendo hivi viwili. Kukarabati ni kurejesha kilichochakaa. Vali huchakaa baada ya saa elfu kadhaa za kazi, na kapasita za kuchuja umeme hukauka kwa miaka. Hapo mvumo husikika hata muziki ukiwa kimya. Kapasita ndogo zinazounganisha hatua moja na nyingine nazo zikivujisha umeme, vali za nguvu hulemewa hadi anodi zikawa nyekundu kwa joto. Kuvibadilisha visehemu hivi si anasa, ni wajibu.

Kugeuza ni kubadilisha usanifu wenyewe, na hapa hakuna jibu moja kwa vyombo vyote. Dynaco Stereo 70, iliyotolewa mwaka 1959 na kuuzwa pia vipande vipande ili mnunuzi ajiundie, ilitegemea vali za 7199 ambazo zimekuwa adimu. Kuiwekea bodi mpya inayotumia vali zinazopatikana kuna mantiki. MC275, kinyume chake, ina siri yake ndani ya transfoma ya kutolea sauti. Nyaya mbili zimezungushwa bega kwa bega, na mzigo ukagawanywa sawa baina ya anodi na kathodi ili kupunguza upotoshaji wa sauti. Saketi nzima imejengwa kuizunguka transfoma hiyo. Anayeigeuza haiboreshi McIntosh. Anaunda chombo kingine ndani ya kasha lake. Ni sawa na mhariri wa muswada wa kale: kusoma herufi zilizofifia ni kazi yake, bali kumtungia mshairi beti mpya si kazi yake.

Umeme wa nyumbani

Fauka ya hayo, msomaji wa Kenya anayenunua chombo kutoka Marekani akumbuke kuwa umeme wa huko ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma ya kushusha umeme hurekebisha volti, haibadilishi mizunguko. Chombo kilichosanifiwa kwa mizunguko 60 pekee hupata joto zaidi kikitumia 50. Asome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Hali kadhalika, asithubutu kukifungua bila fundi stadi: kapasita huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mwenye chombo afuate utaratibu huu: apime vali, abadilishe kapasita zilizozeeka, aichunguze spika, kisha asikilize kwa majuma kadhaa. Iwapo bado kuna pengo analoweza kulitaja kwa jina, na aboreshe. Iwapo hawezi kulitaja, basi anachotamani ni upya tu, na upya haukai. Usiache mbachao kwa msala upitao.