Nyuzi Nane Juu ya Kioo: Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita niliahidi kueleza jinsi kishikwambi kinavyogeuka kuwa ala ya kuundia muziki, na leo naanza na ala iliyonilea huku kwetu Magwagwa: obokano. Mafunzo mengi ya kuunda muziki kwa skrini ya mguso huanza na kinanda kilichochorwa kwenye kioo. Anayeanzia hapo huishia na kinanda kibovu, kwa maana kioo hakibonyei, na kidole hakiwezi kupapasa kujua kitufe kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Faida ya kioo iko kwingine. Juu yake unaweza kuchora ala ambayo haiuzwi katika duka lolote, ukaipa sauti zake zenyewe.

Tukumbushane kwanza. Kishikwambi kinapotumiwa kama kidhibiti, chenyewe hakitoi mlio. Kinapeleka ujumbe tu kwa programu ya muziki iliyo kwenye kompyuta: noti hii imeguswa, kwa nguvu hii, sasa imeachiliwa. Ujumbe huo huandikwa kwa MIDI, utaratibu uliowekwa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme vya makampuni mbalimbali viweze kuelewana. Kioo kilikuja baadaye sana. Kampuni ya Kifaransa ya JazzMutant, yenye makao Bordeaux, ilitoa chombo kiitwacho Lemur katikati ya miaka ya 2000. Kilihisi vidole vingi kwa pamoja wakati ambapo simu za wengi wetu zilikuwa bado za vitufe, na mwanamuziki Björk alikitumia jukwaani katika ziara yake ya 2007. Bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. iPad ilipoingia sokoni mwaka 2010, kazi ile ile ikawezekana kwa programu ya bei ndogo, na Lemur ya kioo ikafikia mwisho wake. Siku hizi programu kama TouchOSC hukaa hata kwenye simu ya Android aliyonayo kijana wa sokoni Magwagwa.

Sasa tuirudie obokano. Ni kinubi kikubwa cha Abagusii, chenye nyuzi nane, mwili wa gogo lililochongwa ukafunikwa ngozi ya ng'ombe, na sauti nzito yenye mkwaruzo unaousikia kifuani kabla haujafika masikioni. Mpigaji huketi kwenye kigoda, ala ikiwa mbele yake. Kabla ya kuanza wimbo hulinganisha nyuzi. Hunguruma kidogo, huzungusha uzi mmoja pale ulipofungwa kwenye mti wa juu, huusikiliza, huurejesha nyuma kiasi cha unywele, kisha huenda kwa mwingine. Kipimo chake ni koo la mwimbaji. Hakuna kinanda ndani ya hesabu hiyo.

Hapo ndipo vijana wetu wengi hukwama. Mmoja wao, ambaye ana chumba cha kurekodia kilichobandikwa trei za mayai ukutani, aliniomba nimsikilize kazi yake. Alikuwa amerekodi obokano ikipigwa na mzee mmoja, kisha akaongeza besi na vinanda juu yake. Kila kitu kilisikika kama watu wawili wanaogombana. Alidhani mzee alikosea kulinganisha. Nilimwambia mzee hajakosea. Kinanda hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na wanaopima sauti huhesabu kila hatua kuwa senti 100. Uzi wa obokano unaweza kukaa senti 37 chini ya noti ya kinanda na ukawa mahali pake hasa. Kumlazimisha mzee afuate kinanda ni kufuta kazi ya masikio ya vizazi.

Kupima sauti za nyuzi si jambo geni katika eneo letu. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika upande wa majirani zetu Wakipsigis, akarekodi nyimbo na vinubi vyao huko Kapkatet. Katika safari zake alibeba uma za chuma, kila mmoja ukiwa na mlio wake unaojulikana, akizilinganisha na ala za watu ili aandike nyuzi au vibao vyao vililia kwa kiasi gani. Leo kipimo hicho kimo ndani ya simu. Unapiga uzi mmoja mbele ya kipaza sauti, programu inakuonyesha noti iliyo karibu na idadi ya senti zilizozidi au kupungua.

Basi tulipima nyuzi zote nane, kila uzi mara tatu, tukaandika. Kwenye kioo tukachora mistari minane mirefu. Hapa pana mtego unaowaponza wengi, nami nitaufafanua polepole. MIDI ina ujumbe wa kupinda noti. Kwa kawaida upindaji huo huenda senti 200 juu na senti 200 chini, umegawanywa katika ngazi 16,384, na 8,192 ndiyo katikati, mahali ambapo noti haijapindwa. Uzi ulio senti 37 chini unahitaji kushushwa ngazi 1,516 hivi, kwa hiyo unaandika 6,676. Ni hesabu ya darasani tu. Tatizo ni kwamba upindaji huathiri chaneli nzima. Ukiweka nyuzi zote katika chaneli moja na kupinda wa tatu, zote nane zinapinda nao, na umerudi kwenye ugomvi ule ule.

Dawa ni kuupa kila uzi chaneli yake. Waya mmoja wa MIDI una chaneli 16, na obokano inahitaji nane, kwa hiyo inatosha na kubaki. Wazo hili la chaneli moja kwa kila sauti lilikubaliwa rasmi na watengenezaji mwaka 2018 kwa jina la MPE, na programu nyingi za muziki sasa zinalijua. Lakini hata programu ya zamani itakubali, mradi uzipange chaneli kwa mkono. Tulipomaliza, besi ya kijana yule ilipigwa kwa sauti za mzee, na ugomvi ukaisha.

Mzee mwenyewe alikuwapo. Kijana alimsogezea kioo akasema, "Babu, gusa uzi wa kwanza." Mzee akagusa. Kimya. Akagusa tena, kimya. Kioo cha aina hii huhisi umeme mdogo unaovutwa na ngozi ya kidole, na ngozi iliyokuwa ngumu kwa miaka ya kuchuma majani chai na kupiga nyuzi huuvuta kwa shida. Alipolaza ubavu wa kidole gumba, sauti ikatoka. Anayechora vidhibiti kwa ajili ya wazee wetu aifanye mistari iwe mipana, na asiwalaumu kwa kosa lisilo lao. Akumbuke pia kwamba kioo cha kawaida hakijui umepiga kwa nguvu kiasi gani. Sisi tuliweka kwamba ukigusa chini ya mstari sauti ni ndogo, juu ni kubwa. Inasaidia, ila haifikii mkono wa mpigaji, na ndiyo maana obokano yenyewe tuliiacha ibaki kama ilivyorekodiwa.

Kuhusu kuchelewa nitasema kwa ufupi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo milisekunde 10 za kuchelewa ni kama ala iko mita 3.4 kutoka kwako, jambo linalovumilika. Waifai huweza kuvuka hapo, na ubaya wake mkubwa ni kutolingana: mguso mmoja huwahi, mwingine hukawia, na mkono hauwezi kuuzoea mwendo huo. Tumia waya wa USB. Na kama umeme wa kwenu hukatika kama wa kwetu, tumia kompyuta yenye betri, kwa kuwa kidhibiti chenye chaji kisicho na kompyuta ni kioo kitupu.

Tulirudi baada ya siku mbili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ngozi ya obokano imenyonya unyevu na kulegea. Mzee akalinganisha upya, mara hii kwa ajili ya mwimbaji mwanamke aliyekuja naye. Kijana akafungua mpangilio wa juzi, akapiga mstari wa tatu, wa sita. Haukukubaliana hata mmoja.

"Mjukuu wangu," mzee akamwambia, "hizo zilikuwa za koo langu."

Kijana akachukua simu, akaanza kupima tena uzi wa kwanza. Kwenye kishikwambi sasa kuna mipangilio miwili, kila mmoja umehifadhiwa kwa jina la mwimbaji wake.