Kukagua Maagizo ya Tarehe na Saa Katika Uchoraji wa Takwimu

Chama kinachoandika kila siku kilo za pamba zilizopokelewa ghalani chaweza kuzigeuza hesabu hizo kuwa mchoro, hata wanachama mkutanoni wakaona kwa macho siku zilizojaa na zilizolegea. Programu moja ya bure ifaayo kwa kazi hiyo ni feedgnuplot. Yenyewe hupokea tarakimu na kuzikabidhi kwa gnuplot, programu iliyotolewa mwaka 1986, ambayo ndiyo ichorayo. Katibu huandika maagizo yake katika mstari mmoja, kwa mfano:

feedgnuplot --domain --timefmt '%d/%m/%Y %H:%M' --lines

Agizo --timefmt hueleza jinsi tarehe ilivyoandikwa: siku, mwezi, mwaka wa tarakimu nne, saa, dakika. Nalo --domain husema kwamba kinachotangulia katika kila mstari ni wakati, wala si kilo. Ukitoa la kwanza ukaacha la pili, programu hukataa kazi. Ina haki, kwani imeelezwa namna ya kusoma tarehe bila kuambiwa kwamba tarehe ipo.

Lakini ukaguzi huo huangalia kama maagizo yanapatana, haujui kilichotokea mizanini. Agizo --xlen, litumiwalo pamoja na --stream kwa mchoro unaoendelea kupokea hesabu, hupimwa kwa sekunde pale wakati unapohusika. Aandikaye 7 akikusudia juma moja atapata sekunde saba. Juma ni 604800. Vivyo hivyo ukiutanguliza mwezi mbele ya siku katika agizo, mapokezi ya 04/07 yatachorwa tarehe 7 Aprili, kabla soko la pamba la Mei halijafunguliwa, na programu haitanung'unika.

Hatari kubwa zaidi kwetu ni saa. Mpimaji huandika daftarini saa 2:00 asubuhi, na katibu huiingiza vivyo hivyo, 02:00. Kompyuta huisoma kuwa saa nane usiku. Mchoro wa namna hiyo ukifika mbele ya halmashauri, utaonyesha mzigo ukipokewa ghala likiwa limefungwa, na mpimaji asiye na kosa atatakiwa ajieleze. Kwa hiyo saa za kutwa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ziongezwe sita: saa mbili ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00. Saa moja hadi saa tano usiku ziongezwe kumi na nane. Saa sita usiku huandikwa 00:00, na zinazofuata hadi saa kumi na mbili alfajiri hupunguzwa sita.

Kabla mchoro haujatoka ofisini, katibu achague stakabadhi tatu, ya mwanzo wa msimu, ya katikati na ya mwisho, azitafute mchoroni kwa tarehe na saa zake, mpimaji akiwapo.