Nauli za Mabasi Kigali na Mzigo wa Gari la Pili

Tiketi ya mwezi humpa abiria ruhusa ya kupanda na kushuka apendavyo hadi siku zake ziishe. Kadi ya nauli ni mkoba wa pesa tu, unaopungua kila anapopanda gari. Kigali inatumia kadi. Tap&Go, iliyoletwa na kampuni ya AC Group mwishoni mwa 2015, ilipunguza pesa taslimu mikononi mwa makondakta pamoja na ugomvi wa chenji, lakini haikugusa hesabu yenyewe: anayepanda mara nne kwa siku hukatwa mara nne.

Jiji hili halina treni ya abiria. Usafiri wa umma uko mabegani mwa mabasi, na mwenye haraka na faranga za ziada humwita motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Kwa hiyo nauli ya basi ikiguswa kidogo tu, jikoni huonekana. Nauli hupangwa na RURA, mamlaka inayodhibiti huduma za umma. Baada ya mageuzi ya 2013, yaliyogawa jiji katika kanda na kuzikabidhi kwa kampuni chache badala ya twegerane, yaani mabasi madogo, za watu binafsi, abiria wa kanda moja hakuwa na pa kukimbilia huduma ilipozorota.

Malalamiko makubwa yalizuka Oktoba 2020. Wakati wa korona nauli ilipandishwa kwa sababu magari yalibeba nusu ya abiria. Magari yaliporuhusiwa tena kujaza viti, abiria walitarajia kurudishiwa bei ya zamani. Badala yake wakatangaziwa nauli iliyobaki juu. Kilio kilikuwa kikubwa, na baada ya siku chache serikali ikaingilia kati: nauli ikashushwa, tofauti ikalipwa na hazina ya taifa. Ruzuku hiyo ilidumu hadi Machi 2024, na kwa hesabu ya serikali iligharimu takriban faranga bilioni 87. Tarehe 16 mwezi huo ikaondolewa, na abiria akaanza kulipa nauli kamili.

Hapo kasoro ya zamani ikaanza kuuma. Nauli ilikuwa ya njia nzima. Aliyepanda Nyabugogo katika gari la Kimironko akashukia Kacyiru alilipa sawa na aliyefika mwisho wa safari. Ruzuku ilipokuwepo, wengi walivumilia. Ilipoondoka, kila kilomita isiyosafiriwa ikawa deni linaloonekana.

Desemba 2024 RURA ilianza kujaribu nauli ya umbali katika njia mbili, mojawapo ikiwa hiyo ya Nyabugogo na Kimironko kupitia Kacyiru. Kilomita 2 za kwanza ziliwekewa faranga 182, kisha nauli huongezeka kadiri safari inavyorefuka. Abiria hugusisha kadi anapopanda, akakatwa nauli ya njia nzima. Akigusisha tena anaposhuka, hurudishiwa kilichozidi. Asiyegusisha mara ya pili hupoteza haki yake hiyo, na katika msongamano wa jioni, mlango umejaa watu na mtoto yuko mgongoni, kusahau ni rahisi mno.

Mpango huu ni wa haki kwa msafiri wa karibu. Kwa anayebadilisha magari, tatizo limebaki palepale. Kilomita za mwanzo ndizo ghali kuliko zote, naye huzilipa upya kila anapopanda gari jingine. Mara nyingi mtu huyo ndiye aliyefuata kodi nafuu ya nyumba pembezoni, Kabuga au Masaka, na kazi yake iko upande wa pili wa jiji.

Kwingineko tiketi ya muda ndiyo iliyotibu tatizo hilo, ingawa nayo haikukosa manung'uniko. Nchini Ujerumani, tiketi ya mwezi ya kusafiri bila kikomo katika mabasi na treni za mikoa ilianza kwa yuro 49 Mei 2023, ikapanda hadi 58 Januari 2025. Walioachana na magari yao kwa kuiamini bei ya awali walikuwa na sababu ya kulalamika.  

Kigali haihitaji kusubiri reli ili kulitatua tatizo la anayebadilisha magari. Kadi tayari inajua mtu amepanda wapi na, panapotumika nauli ya umbali, ameshukia wapi. RURA iamue kwamba gari la pili, likipandwa ndani ya muda mfupi uliowekwa, ni mwendelezo wa safari ileile, na kilomita zake zihesabiwe kuanzia pale za gari la kwanza zilipoishia.