Joto la bahari: Wakulima wa mwani Uroa waulizwe

WANUNUZI wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja wanafahamu kuwa mzigo unaotoka Uroa na vijiji jirani kwa sehemu kubwa ni spinosum. Cottonii, ambayo soko la nje huilipia takriban maradufu, imekuwa adimu kisiwani tangu miaka ya mwanzo ya 2000.

Sababu kubwa ni joto. Shamba la mwani hupandwa kwa kamba na vigingi kwenye maji mafupi, na msimu wa kaskazi maji hayo huchemka. Matawi ya cottonii hugeuka meupe, hukatika na kuchukuliwa na mawimbi. Tafiti za Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar, zimeeleza uhusiano huo. Kilimo hiki kilichoanza kibiashara mwaka 1989 sasa kinategemewa na wakulima zaidi ya 20,000 wa Unguja na Pemba, wengi wao wanawake.

Njia mojawapo ya kuirudisha cottonii ni kupanda kwenye maji marefu yenye ubaridi. Lakini huko kunahitajika mashua, nyavu na ujuzi wa kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi wa pwani hawana. Mtaji huo ni mkubwa kuliko uwezo wa mkulima anayesubiri bamvua ndipo aende shambani.

Hapo ndipo suala la Uroa linapogusa mikutano ya kimataifa. Mfuko wa kukabiliana na hasara na uharibifu utokanao na mabadiliko ya hali ya hewa ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na taratibu zake zikapitishwa Dubai mwaka 2023. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992, katika kifungu cha 6, unazitaka nchi kuwashirikisha wananchi. Mkataba wa Paris wa 2015 umerudia wito huo katika kifungu cha 12.

Kwa Zanzibar njia ni ndefu. Mazingira si jambo la Muungano, lakini mambo ya nje ni ya Muungano. Hoja ya mkulima huanzia kwa sheha, ikapita wilayani na katika Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, kisha ikafika Ofisi ya Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, inayosimamia masuala ya mkataba huo. Hatari ni kwamba aliyeomba mashua Uroa, ombi lake likifika mezani litasomeka "kujengewa uwezo".

Njia nyingine ilijaribiwa mwaka 2021. Watu 100 kutoka pande zote za dunia walichaguliwa kwa bahati nasibu, wakajadiliana kwa intaneti kwa msaada wa wakalimani na kutoa tamko lao wakati wa mkutano wa Glasgow. Tamko hilo halikuibana serikali yoyote. Hata hivyo lilionyesha kuwa mtu wa kawaida, akipewa maelezo kwa lugha yake, anaweza kupima mambo mazito.

Wafanyabiashara nao wana nafasi yao. Daftari la wakala linaloonyesha kilo zilizonunuliwa kila bamvua, aina ya mwani na mwezi ambao mazao yalikufa ni ushahidi wenye uzito kuliko malalamiko ya mdomo. Ushirika ukiziweka pamoja kumbukumbu hizo na kuzifikisha kwa sheha kwa maandishi, hoja itasafiri na tarakimu zake.

Mwekezaji mdogo anayefikiria mradi wa maji marefu naye aulize kwanza: nani aliyechagua zana, na je, wanawake watakaozitumia waliulizwa? Mashua isiyo na wa kuipanda ni hasara hata ikiwa imetolewa bure.