Betri ya lithiamu au ya asidi kwenye kirikuu cha biashara? Piga hesabu hii kabla hujatoa hela

Wewe unayepokea oda WhatsApp na Instagram halafu unazungusha mzigo kwa kirikuu, iwe juisi, maziwa mgando au ice cream, hii ni yako. Ni hesabu ileile wanayopiga Wamarekani wanaosafiri na magari yenye kitanda na jiko ndani. Tofauti ni kwamba wao betri ikiisha wanakosa feni, wewe unapoteza mzigo na wateja.

Tuondoe kitu kimoja kwanza. Betri ya kuwashia gari, N70 na ndugu zake, haihusiki hapa. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, gari liwake, basi. Ukiifungia friji kutwa nzima inakufa mapema. Ukiamua kwenda na asidi, ulizia betri ya sola, ile iliyoandikwa deep cycle.

Sasa chukua kalamu. Tuseme una friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa ya wati 60, inayozunguka nusu ya muda kwa saa 10. Hapo ni wati-saa 300. Taa za wati 10 kwa saa 5, 50. Blenda ya wati 400, ukijumlisha dakika zote unazosaga ikafika nusu saa, ni 200. Ongeza kidogo kinacholiwa na inveta, weka 230. Simu na kiprinta cha risiti, 30. Jumla 610 kwa siku.

Ukifika dukani unakuta betri mbili, zote zimeandikwa 100Ah, moja bei yake zaidi ya mara mbili ya nyingine. Wengi wanachukua ya bei rahisi wakidhani umeme ni uleule. Sio uleule. Ya asidi ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 tu za kutumia. Hesabu yetu ya 610 imeshaipita! Ya lithiamu, namaanisha LiFePO4, ina 1,280 na unaweza kutumia asilimia 80 kila siku bila kuiumiza. Hiyo ni 1,024. Kwa hiyo mashindano ya kweli ni betri mbili za asidi dhidi ya moja ya lithiamu.

Weka bei za kwenu, mimi natumia mfano tu. Asidi moja shilingi 400,000, mbili 800,000. Lithiamu moja 1,000,000. Umeona pengo lilivyopungua? Halafu angalia umri. Betri ya asidi ukiishusha nusu kila siku, mizunguko kama 400 hivi imechoka. Lithiamu nzuri inavuka 2,000. Kwa mtu anayefanya kazi kila siku, mmoja ananunua tena baada ya mwaka na kitu, mwenzake anaendelea kuuza juisi. Na joto letu la pwani haliisaidii asidi hata kidogo: umri unaoandikwa kwenye karatasi yake ni wa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka unapungua karibu nusu. Fikiria ndani ya gari lililoegeshwa juani saa saba mchana. Lithiamu nayo haipendi joto, iweke kivulini.

Uzito usiudharau. Asidi mbili zinakaribia kilo 60, lithiamu moja ni kilo 11 hadi 13. Zile kilo nyingine ni kreti za juisi.

Kwenye kuchaji ndiko hela za watu zinakofia. Asidi inapokea umeme haraka mwanzoni, lakini robo ya mwisho inavuta masaa. Mzunguko wako wa kariakoo hadi nyumbani hauijazi, na betri ya asidi inayokaa nusunusu kila siku inaota chumvi kwenye sahani zake, nguvu inapungua kimyakimya. Lithiamu haijali kukaa nusu. Ila ina tabia moja: inavuta umeme kwa pupa, na altaneta ndogo ya kirikuu inaweza kuungua. Usimruhusu fundi aiunge moja kwa moja. Dai chaja ya katikati, wanaiita DC-DC. Ya ampea 20 inakupa kama wati-saa 250 kwa kila saa unayoendesha, kwa hiyo zile 610 zinataka karibu saa mbili na nusu barabarani. Kama huendeshi hivyo, malizia nyumbani usiku kwa chaja yenye mpangilio wa LiFePO4. Bei ya chaja hizi iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na fyuzi kubwa karibu na betri.

Je, asidi haina kazi tena? Inayo. Kama mzigo wako ni taa na simu tu, wati-saa 100 kwa siku, au unaijaribu biashara miezi mitatu uone kama itashika, sioni sababu ya kufungia milioni kwenye betri. Nunua asidi moja, ijaze kila usiku. Ya maji iwe na tundu la hewa, maana ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Usilale nayo ndani ya gari. Ikifa, wauzie wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima, usiipasue nyumbani. Ile risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Ukishaamua lithiamu, jihadhari na feki. Nenda na mizani. Iliyoandikwa 100Ah ikiwa na kilo 5, irudishe mezani. Ukiipenda, kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba utaipima: ijaze, ifunge taa ya gari ya wati 55, washa, angalia saa. Inatakiwa iwake kwa takriban saa 20. Ikizima kwenye saa 8, umeuziwa chini ya nusu ya ulicholipia, na risiti yenye neno LiFePO4 na 100Ah ndiyo itakayokurudishia hela.