Lipa Nusu, Tunakutoa CRB

Ajenti wa kudai madeni hana uwezo wa kumtoa mtu CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Nalisema mapema kwa sababu nilikuwa karani wa mikopo benki kabla ya kufungua saiba hapa Likoni, na wateja wengi wanaokuja kuchapisha taarifa zao za mikopo huwa wameshalipa tayari, kwa ahadi ya mtu wasiyemjua hata sura.

Mmoja wao ni mama anayeuza samaki wa kukaanga karibu na feri. Alikopa kwa simu, biashara ikadorora, deni likafika shilingi 38,400. Mkopeshaji akampa ajenti kazi ya kumdai. "Madam, lipa elfu ishirini leo kabla ya saa kumi, hiyo ingine tunasamehe na tunakutoa CRB." Mama si mjinga, akasema kwanza nitumie meseji. Ikaja, akalipa. Miezi ikapita. Alipokwenda SACCO kuomba mkopo wa friza, akaonyeshwa jina lake: hajamaliza kulipa, salio 18,400.

CRB zenyewe, kama TransUnion na Metropol, hazimwandiki mtu kwa hiari yao. Huletewa data na wakopeshaji. Ajenti naye kwa kawaida hula kamisheni ya anachokusanya. Pesa zikiingia, kwake habari imekwisha. Ikiwa mkopeshaji hakuambiwa habari ya msamaha, au aliambiwa asirekebishe hesabu, kompyuta yake itaendelea kutuma 18,400 kama kwamba hakuna lililotokea.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata kanuni za Kiingereza, na humo imo kesi ya Foakes dhidi ya Beer ya mwaka 1884: mdai aliyekubali pungufu hafungwi na ahadi yake ya kuachilia salio, ikiwa hakupata kitu kingine juu yake. Baadaye mahakama zimeilegeza kanuni hiyo, hasa pale mdaiwa alipoitegemea ahadi, lakini nani anataka kwenda kortini kwa sababu ya elfu kumi na nane? Ndiyo maana nasisitiza barua itoke kwa mkopeshaji mwenyewe, iseme "malipo kamili na ya mwisho", na iseme atapeleka nini CRB. Iwe mkononi mwako kabla hujaweka PIN.

Tena usiombe kufutwa. Hata ukilipa hadi shilingi ya mwisho, rekodi ya kuchelewa hubaki miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Anayekuahidi kukusafisha kabisa ama hajui kazi yake ama anakudanganya, na mimi huelekea kuamini hilo la pili. Unachoweza kumkaba nacho mtu ni hiki: salio sifuri, akaunti imefungwa, tarehe ya malipo ni sahihi.

Basi tukaketi na yule mama tukamwandikia mkopeshaji, si ajenti, nakala kwa CRB. Tuliambatanisha meseji ya ajenti, nambari yake na saa vikionekana, pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Ile nambari ya muamala, herufi na tarakimu zilizo mwanzoni mwa ujumbe, niliiandika ndani ya barua yenyewe, maana ndiyo karani ataingiza kwenye mashine yake. Ukimwambia "nililipa mwezi ule" hujamsaidia. Mama alitaka tutaje pia matusi aliyoporomoshewa. Nikamwambia, mama, hayo yana barua yake: kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho na lugha chafu, basi malalamiko hayo yaende Benki Kuu. Hii ya salio ibaki na hoja moja, wasipate pa kuponyokea.

Kanuni za CRB za 2020 zinakupa haki ya kupinga taarifa isiyo sahihi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa; wakikupuuza, mlango unaofuata ni wa Kamishna wa Data. (Ukiisoma taarifa yako, angalia na madeni madogo madogo. Tangu 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halifai kukuingiza CRB, ila watu bado wanatishwa kwa mia tano.)

Mkopeshaji alijibu kwamba ajenti hakuwa na ruhusa ya kusamehe. Sawa, tukauliza, basi zile elfu ishirini zilizoingia kwenye Paybill yenu kwa masharti hayo, mbona hamkuzirudisha? Swali hilo halikujibiwa. Ilikuja barua ya kufunga akaunti, na taarifa iliyofuata ikasoma sifuri. SACCO bado iliona kwamba aliwahi kuchelewa, ikamtaka aongeze mdhamini mmoja, akampata, akakopa.

Juzi ajenti mwingine kabisa, mwenye orodha ya zamani, alimpigia akidai 18,400. Mama alimwomba nambari ya WhatsApp, akamtumia picha ya barua, kisha akamuuliza kama anataka na samaki.